Injini ya Ndege Huzeeka kwa Kuruka na Kutua

Wasafiri wengi wa Bukoba na Muleba hudhani ndege ya pangaboi haina injini ya jeti. Ukiifungua injini ya ndege hizo, kama Q400 au ATR, utakuta kompresa, chumba cha moto na turbaini, zilezile za jeti. Tofauti ni kwamba nguvu yake kubwa inaishia kuzungusha pangaboi.

Ndege inaporuka, sahani za chuma zilizoshika mapanga ya turbaini hupata moto na kuvutwa kwa nguvu kubwa mno; ikitua, zinapoa. Mafundi huita hiyo saiko moja, na saiko ndizo zinazochosha chuma. Dreamliner ikitoka Dar es Salaam hadi Guangzhou hukaa hewani saa nyingi kwa saiko moja tu. Mwanza hadi Bukoba ni chini ya saa moja, na kurudi ni saiko nyingine. Ndiyo maana sahani ikifikisha idadi yake ya saiko hutupwa, hata kama haina ufa wowote.

Kabla ya hapo injini hukaguliwa. Fundi hufungua kizibo kidogo, akaingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera, huku mwenzake akizungusha injini polepole ili panga moja moja lipite mbele ya lenzi. Wanatafuta pengo, alama ya kuungua, ufa. Kasoro iliyojificha ndani ya chuma hutafutwa kwa mawimbi ya sauti.

Ukaguzi mwingine huja kwa amri. Mwaka 2019, injini za Pratt & Whitney kwenye ndege za A220 za shirika la Swiss ziliharibika angani, Julai na tena Septemba, baada ya sehemu ya mbele ya kompresa kuvunjika. Septemba 26 mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza injini za aina hiyo zichunguzwe kwa kamera, tena kwa kurudiarudia. A220 za Air Tanzania, ambazo wasafiri wa Kagera huzipanda Mwanza, zina injini za familia hiyohiyo. Agizo kama hilo halina mjadala: usipolitimiza, huruki.

Hata hivyo kamera haioni yenyewe, anayeona ni mtu. Mwaka 1989 sahani ya injini ya ndege ya DC-10 ya shirika la United ilipasuka angani na ndege ikaanguka Sioux City, Marekani. Walikufa zaidi ya watu 110. Ufa ulikuwapo tayari kwenye ukaguzi uliotangulia, na wakaguzi hawakuuona. Kwa hiyo fundi anayeomba saa mbili zaidi za kukagua apewe.

Linaloniudhi ni tangazo la kuahirisha safari kwa "sababu za kiufundi" linaloishia hapo. Tangu ATR ya Precision Air ianguke Ziwa Victoria Novemba 6, 2022 na kuua watu 19, maneno hayo yanatisha watu wa huku Kagera kuliko mashirika yanavyofikiri. Msafiri wa Muleba anayelazimika kulala Mwanza aambiwe waziwazi kama ni ukaguzi wa kawaida, agizo au hitilafu, na chumba alipiwe.