Upepo wa Jua na Mwelekeo wa Uga Wake: Chombo cha ACE na Lugha ya Tahadhari

Istilahi "upepo wa jua" humpotosha msomaji wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, hakuna hewa inayovuma. Kinachotoka kwenye Jua ni mkondo wa protoni na elektroni, mwepesi kiasi kwamba karibu na Dunia sentimita moja ya ujazo huwa na protoni chache tu. Hilo husahihishika kwa sentensi moja. La pili ni zito zaidi, nalo linahusu mwelekeo.

Chombo cha ACE kilirushwa na Marekani Agosti 25, 1997, kikawekwa karibu na nukta ya Lagrange L1, takribani kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea Jua. Hapo huandamana na Dunia mwaka mzima, kikipitiwa na upepo huo kabla haujatufikia. Kwa kasi ya kilomita 400 kwa sekunde, upepo uliopimwa L1 hufika baada ya saa moja hivi. Wingu la mlipuko mkubwa huweza kufika chini ya nusu saa.

Kasi ndiyo hutangazwa zaidi, lakini kipimo kinachoamua ni mwelekeo wa uga wa sumaku unaobebwa na upepo. Uga huo ukielekea kaskazini, ngao ya sumaku ya Dunia huzuia sehemu kubwa ya nishati. Ukielekea kusini, huungana na uga wa Dunia na nishati huingia. Darubini zinazoliona wingu likichomoka kwenye Jua haziwezi kuubaini mwelekeo huo kwa uhakika; sharti wingu likifikie chombo. Machi 13, 1989, dhoruba ya sumaku iliiangusha gridi ya Quebec, Kanada, na watu wapatao milioni 6 wakakosa umeme kwa takribani saa 9.

Sasa, mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki huutaja upepo kwa upande unakotoka: kaskazi, kusi. Mfasiri akiandika "upepo wa jua wa kusini", msikilizaji ataelewa upepo utokao kusini, ilhali huu hutoka kwenye Jua daima. Kinachogeuka ni uga. "Uga wa sumaku wa upepo wa jua umeelekea kusini" ni kauli ndefu, hata nzito ulimini, ila haina utata. Katika maeneo ya karibu na ikweta ya sumaku, ambayo hupita Ethiopia, dhoruba hizi huvuruga ayonosfia na kupotosha vipimo vya GPS. Mtoa tahadhari mwenye nusu saa hana wasaa wa kusaka istilahi. Matini yake yanapaswa kuwa yameshaandikwa na kujaribiwa kwa wasikilizaji.