Ngoja ngoja na haraka haraka: kusasisha kompyuta za kazini



Sote tunaujua ule ujumbe unaochomoza pembeni mwa skrini kutaka kompyuta iwashwe upya. Wengi hubonyeza "baadaye", na hiyo baadaye ikawa wiki ya tatu. Kazi yangu hapa Uingereza ni kutunza kompyuta za ofisi, na ninalotaka kueleza ni hili: kusasisha programu ni kazi ya kuachiwa mitambo, lakini uamuzi wa nani aanze na nani afuate ni wa watu.

Wazee wametuachia methali mbili zinazogombana, na humu zote mbili zina haki.

Ya kwanza, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry ikapita katika tundu lile lile, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kati ya taasisi 236 za serikali zinazoendesha mahospitali na huduma nyingine za afya England, zisizopungua 80 zilitatizika, na inakadiriwa kuwa miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Watu wakasema ati kosa ni la Windows XP iliyozeeka. Sivyo. Nyingi ya mashine zilizoathirika katika mahospitali hayo zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwapo. Hakikuwekwa tu.

Ya pili, haraka haraka haina baraka. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike walituma faili bovu la programu yao ya ulinzi kwa wateja wa dunia nzima kwa mpigo mmoja. Walilirudisha baada ya dakika 78, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeshakwama na safari za ndege zikafutwa kwa maelfu. Mafundi wakalazimika kuzitengeneza nyingi moja moja kwa mkono, maana mashine isiyowaka haisikii amri ya mtandao.

Sasa tunapitaje katikati? Kwa mafungu. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, desturi iliyoanza Oktoba 2003, hivo kalenda inajulikana. Fungu la kwanza ni kompyuta zetu mafundi, siku ile ile. Fungu la pili, baada ya siku tatu, ni mtu mmoja mmoja kutoka kila idara, na khasa mhasibu, kwa sababu programu yake ya mishahara ndiyo hupenda kugoma. Baada ya wiki moja ndio hufuata ofisi nzima. Likitokea tatizo, tunasimamisha na waliokwama ni kumi, si elfu. Tundu likiwa tayari linatumiwa na wahalifu, tunafupisha siku, lakini fungu la kwanza haliruki hata siku moja.

Kila fungu lina siku ya mwisho. Mtumiaji hupewa siku kadhaa achague saa inayomfaa, na zikisha, mashine hujiwasha upya yenyewe usiku. Bila ya hilo "baadaye" haina mwisho, maana viraka vingi vya Windows havianzi kufanya kazi mpaka mashine iwashwe upya.

Halafu kuna ripoti, na hapa ndipo wengi hulala. Mtambo ukishapangwa watu hudhani kazi imekwisha. Lakini laptopu iliyofungiwa kabatini miezi miwili haipokei kitu, na iliyojaa diski hupokea ikashindwa kuweka. Kila Jumatatu mimi hutazama zilizobaki nyuma, si zilizofaulu. Asilimia 97 ni nzuri kuisoma, ila mwizi huingia kwa zile tatu.

Kwa wanaosaidia ofisi za nyumbani, Unguja au Mombasa, ambako intaneti hununuliwa kwa kipimo: Windows inaweza kupangwa ili kompyuta moja ipakue, nyingine zichukue vipande kwa jirani humo humo ofisini. Gharama hupungua sana. Tazameni pia umri wa mashine. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ya kawaida haipati tena viraka, ila kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ya muda. Mtambo hauwezi kuleta kiraka kisichotolewa.

Basi mkuu wa ofisi akiuliza kwa nini mnataka kumsumbua na kuwasha upya, mwambieni habari ya wale wagonjwa 19,000. Na akitaka wote wasasishwe leo leo, mwambieni habari ya zile dakika 78.

Wasalaam.