Alama ya Filamu Ni Kura ya Nani?

Alama ya filamu mtandaoni iaminiwe kwa kile tu inachopima, na mara nyingi si kile tunachodhani. Chukua Rotten Tomatoes, mtandao unaokusanya maoni ya wahakiki. Asilimia 90 pale si maksi 90 kwa 100, bali ni kwamba katika kila wahakiki 10, tisa wameisifu, hata kama kwa shingo upande. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona ya wastani na kuipa 6 kwa 10 inaweza kutoka na asilimia 100. Ile iliyowapagawisha nusu yao na kuwaudhi nusu nyingine itaambulia 50 na kuhesabiwa imeoza, ingawa mpenda sinema halisi pengine angeanza na hiyo.

IMDb hukusanya alama za watazamaji, kuanzia 1 hadi 10, na hapo swali ni nani kapiga kura. Mwaka 2016 The Promise, inayohusu mauaji ya kimbari ya Waarmenia, ilionyeshwa mara chache tu kwenye tamasha la Toronto. Hata kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema, ilikwishapata kura zaidi ya 80,000: zaidi ya 50,000 za alama 1, na nyingi ya zilizobaki za alama 10. Kumbi za tamasha haziingizi umati huo. Watu walikuwa wakipigania historia, filamu ikawa uwanja tu.

Utaambiwa huo ni mkasa wa nadra, na kwamba mitandao imejifunza. Ni kweli: IMDb haizipi kura zote uzito sawa, na tangu 2019 Rotten Tomatoes hutenga maoni ya waliothibitika kununua tiketi. Lakini kinga hizo humzuia mlaghai, hazimleti asiyekuwepo. Ili filamu ifikiriwe kwa orodha ya IMDb ya filamu 250 bora, inahitaji angalau kura 25,000. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haijakaribia hapo, pengine kwa kuwa watazamaji wake wengi hawana mazoea ya kupiga kura huko.

Kinachofaa zaidi ni mgawanyo wa kura, ambao wengi hawaufungui. Filamu mbili zenye 6.5 hazifanani hata kidogo ikiwa kura za moja zimerundikana kwenye 6 na 7, na za nyingine zimekimbilia 1 na 10. Ya kwanza itakupitishia jioni. Ya pili, soma kwanza wanagombania nini.