Skrini ikisema "Imeshindwa kuunganisha na seva", pesa yako iko wapi?

Kuna mteja wetu alitupigia simu asubuhi na mapema akiwa amekasirika, na alikuwa na haki. Usiku uliotangulia mtoto wake alishikwa na homa, akakimbia duka la dawa la mtaani, akaambiwa dawa ni shilingi 1,850. Akafungua programu yetu, akaweka nambari ya till, akaweka PIN, kile kiduara kikazunguka weee, kisha skrini ikaandika: "Imeshindwa kuunganisha na seva. Jaribu tena." Akajaribu tena. Ikaandika vile vile. Mara ya tatu ikakubali, akachukua dawa akaenda zake. Kufika nyumbani, simu ikaanza kulia: SMS ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shilingi 5,550 zilikuwa zimetoka, na ndani yake ilikuwamo pesa ya kodi ya nyumba.

Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu, na tutasema ni ipi. Lakini kwanza tueleze kinachotokea, kwa sababu hili swali tunaulizwa kila siku: kama programu imesema imeshindwa, mbona pesa imetoka?

Ukibonyeza "Lipa", simu yako haiongei na duka. Inatuma ombi kwa mnara ulio karibu, mnara unalipeleka kwa mitambo ya kampuni ya simu, na kutoka hapo linafika kwa seva zetu. Sisi tunaangalia: PIN ni sahihi? Salio linatosha? Kama pesa inatoka benki au inaenda mtandao mwingine, tunauliza seva ya wenzetu na kungoja jibu lao. Likija, linarudi kwako kwa njia ile ile. Siku nzuri, safari hiyo yote ni sekunde chache tu. Siku mbaya, kuna mahali inakwama.

Sasa, simu haiwezi kungoja milele. Programu imewekewa muda, na muda ukiisha bila jibu inakata tamaa na kukuandikia kwamba muunganisho umeshindwa. Maana yake halisi ni moja tu: jibu halijafika. Haijui kama ombi lenyewe lilifika au la.

Ni kama umemtuma mtoto dukani na shilingi mia mbili anunue unga, na dakika ishirini zimepita hajarudi. Huenda hata hajafika, amekutana na wenzake wanacheza mpira. Huenda ameshanunua na yuko njiani. Huenda bado yuko kwenye foleni. Wewe uliye jikoni ukiangalia mlango, huoni tofauti yoyote. Ukimtuma mwingine na mia mbili nyingine, jioni unaweza kujikuta na pakiti mbili za unga na mfuko mtupu.

Ndicho kilichompata mteja wetu. Ombi la kwanza lilifika na kupita, jibu likapotea njiani. La pili likakaa kwenye foleni, likapita baadaye. La tatu likapita pale pale.

Kosa letu lilikuwa hilo neno "Jaribu tena". Tulikuwa tunamwambia mtu atume mtoto wa pili kabla hajajua wa kwanza yuko wapi. Tumeliondoa. Katika toleo jipya la programu utaona "Hatujapata jibu bado", na chini yake kitufe cha "Angalia hali". Tofauti si ya maneno tu. Kila ombi la malipo hupewa nambari yake. Ukibonyeza "Angalia hali", programu inauliza kuhusu nambari ile ile, na hata ombi likifika kwetu mara tano likiwa na nambari hiyo, tunalilipa mara moja tu. Lakini ukitoka, ukafungua programu upya na kuandika malipo kuanzia mwanzo, hilo ni ombi jipya lenye nambari mpya. Seva haina namna ya kujua kwamba ulimaanisha dawa ile ile. Kuna watu hununua soda mbili till moja, bei moja, dakika moja, na wote wawili wanataka walipe.

Kwa hivyo kabla ya kutuma mara ya pili, angalia salio. Angalia orodha ya miamala. Kama salio limepungua, pesa imetoka, hata kama SMS haijaingia. SMS hupita njia nyingine na huweza kuchelewa. Kama salio liko vile vile na muamala umeandikwa "unasubiri", ngoja dakika chache. Tunajua kungoja ni rahisi kuandika na ni vigumu kufanya ukiwa umesimama kwenye kaunta, watu kumi nyuma yako na mwenye duka anakukazia macho. Mwonyeshe muuzaji hiyo skrini ya "unasubiri", mwombe naye aangalie upande wake.

Kuhusu kurudishiwa: pesa ikishaingia till ya mtu, si sisi tunaoishika tena. Hatuwezi kuichomoa bila yeye kukubali. Mwenye duka la dawa alikubali siku iliyofuata, maana ni jirani. Till ya duka usilolijua mjini, utahangaika zaidi.

Mahali pengine watu wanapolipa mara mbili

Kuna ule ujumbe unaojitokeza wenyewe kwenye simu kukuomba PIN unaponunua kitu mtandaoni. Seva zikiwa na msongamano, hukawia. Mtu anachoka kungoja, anaingia kwenye menyu na kulipa mwenyewe kwa paybill, na anapoweka simu chini, ujumbe unatokea. Anaweka PIN bila kufikiri. Kama umeshalipa kwa njia nyingine, bonyeza ghairi. Bila PIN yako, ombi hilo halichukui hata senti.

Tokeni za stima ni vile vile. Hapo kuna kazi mbili: malipo, halafu kutolewa kwa zile tarakimu 20. Ya kwanza ikipita na ya pili ikwame, unabaki na risiti na giza. Kulipa tena hakuharakishi tokeni ya kwanza. Angalau tokeni mbili zote zikija unaweza kuziingiza kwenye mita na hutapoteza yuniti, lakini pesa ya chakula imegeuka stima.

Kwa wanaotumia menyu ya nyota na reli, sheria ni rahisi. Ikikatika kabla hujaweka PIN, hakuna kilichotokea, anza upya. Ikikatika baada ya PIN, fanya kama tulivyosema: salio kwanza. Na kumbuka menyu hiyo haitumii bando, inapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu. Programu ikigoma kwa sababu ya intaneti, mara nyingi menyu bado inafanya kazi.

Kama inakurudia kila siku

Kosa likitokea mara moja mwisho wa mwezi jioni, wakati kila mtu analipa kodi na karo, hiyo ni foleni. Likikutokea wewe kila siku, na jirani yako analipa bila shida, basi tafuta kwenye simu yako.

Anza na saa. Ndiyo, saa. Simu inapoongea na seva yetu inakagua cheti kinachothibitisha kwamba kweli ni sisi, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu iliyozimika betri ikarudi na tarehe ya miaka ya nyuma itaona cheti hicho hakifai, na itakataa kuunganisha. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe, ufungue programu tena. Utashangaa ni wangapi hupona hapo.

Halafu angalia VPN. Ukiiwasha, ombi lako linazunguka nchi nyingine kabla ya kurudi Kenya, na mifumo mingi ya pesa hulitilia shaka. Wi-Fi ya hoteli au ya kituo cha mabasi nayo huweza kuonyesha alama imejaa huku inangoja ukubali masharti kwenye ukurasa wake. Zima Wi-Fi, jaribu kwa data. Wenye laini mbili, hakikisha data inatoka kwenye laini yenye bando. Na sasisha programu kutoka duka rasmi la simu yako, si kwa faili uliyotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp.

Wakati mwingine kosa huja na nambari. Ikianza na 5, kwa mfano 502, 503 au 504, shida iko upande wa seva na hakuna utakachorekebisha kwenye simu. Ukiona 429, maana yake umetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi. Ni kubonyeza-bonyeza huko, na kila ukibonyeza unarefusha foleni, yako na ya wengine.

Kuna siku pia tatizo si lako wala letu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kuvuta miguu Kenya na kwa majirani. Siku kama hizo programu inayotegemea huduma za nje ya nchi huchechemea hata kama mnara uko mlangoni kwako.

Wanaofurahia mtandao ukiwa chini

Matapeli. Ukilalamika kwenye mitandao ya kijamii kwamba pesa imekwama, haichukui muda kabla "mhudumu" kukupigia, anajua kiasi, anajua saa, kwa sababu wewe mwenyewe umeandika. Ataomba PIN au ile nambari iliyotumwa kwa SMS ndio "arudishe muamala". Sisi hatuhitaji PIN yako kurudisha chochote.

Wenye biashara, mnalengwa kwa njia nyingine: mteja anakuonyesha SMS kwenye simu yake na kusema kwako haijaingia kwa sababu ya mtandao. SMS inaweza kutungwa na mtu yeyote. Angalia salio la till yako, na kama halijaongezeka, bidhaa ibaki kwenye rafu.

Kama umengoja na hali haijabadilika, tuandikie kupitia sehemu ya "Msaada" ndani ya programu. Tuambie tarehe na saa, kiasi, nambari uliyokuwa unalipa, na picha ya skrini yenye kosa. Kama una nambari ya muamala, hiyo pekee inatosha kutuonyesha ombi lilikwamia wapi. Ukituambia tu "pesa yangu imepotea", itabidi tukuulize hayo yote upya, na siku inaishia hapo.