Kitabu cha magari kimetoweka sebuleni, mtoto amebaki na simu

JUMAPILI jioni, mtoto wa miaka 10 akimwomba baba simu, si lazima awe anataka katuni. Wengi wanataka magari.

Huanza na Toyota Mark II inayozungushwa uwanjani hadi moshi wa matairi ufunike kila kitu. Inafuata Subaru inayounguruma kwa bomba la moshi lililobadilishwa, halafu basi linalolipita basi jingine huku abiria wakishangilia. Baada ya nusu saa mtoto ameona magari 40, na hakuna hata moja ambalo ameonyeshwa linavyosimama.

Kwa mzazi wa Iringa au Mbeya hilo la mwisho si dogo. Hapa watu wanaishi kando ya barabara kuu inayopanda Kitonga na kwenda kushuka Inyala na Iwambi. Ni nadra kukuta familia isiyo na habari ya lori au basi lililofeli breki mlimani.

Baba wa mtoto huyo, alipokuwa na umri kama wake, huenda aliangalia gari moja kwa mwezi mzima. Gari lenyewe lilikuwa kwenye karatasi.

Wengi waliokua Nyanda za Juu Kusini miaka ya 1980 na 1990 hawakuliita jarida. Waliliita kitabu cha magari. Kwa kawaida kilikuwa cha Kiingereza, kimechanika jalada, na habari zake zilikuwa za miaka miwili au mitatu nyuma. Kilitoka kwa mjomba aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au Rungwe, kwa mhandisi wa kigeni aliyemaliza mkataba akagawa vitu vyake, kwa ndugu aliyerudi kutoka masomoni, au kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba.

Kikishafika mtaani hakikuwa na mwenyewe. Kilizunguka nyumba hadi nyumba, kikarudi kimepungua kurasa. Zenye picha kubwa zilibandikwa ukutani. Zenye maandishi matupu ziliishia kufungia maandazi na karanga, na wapo watu wazima leo ambao neno la kwanza la Kiingereza kulisoma wenyewe lilikuwa jina la kifaa cha injini, kwenye karatasi yenye mafuta.

Eneo lenyewe liliwapa watoto sababu ya kupenda magari. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia mpya ya kuingiza mafuta na kutoa shaba, na njia hiyo ilikuwa barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Wakati ule ilikuwa ya vumbi na tope, na wageni walioipitia waliipachika jina la njia ya jehanamu. Malori ya Fiat ya kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania yalipishana usiku na mchana. Lami ilipokuja, zilikuja na gereji. Ipogolo, Makambako, Uyole, Tunduma, kote huko mtoto aliweza kukaa juu ya tairi bovu akaangalia injini ikiteremshwa.

Kulikuwa pia na Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ya mwanzo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 yalishindwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa Peugeot 404. Ndiyo sababu wazee wengine hadi leo wakiiona Peugeot kuukuu imeegeshwa chini ya mti hawapiti bila kuizungumzia.

Matangazo yaliondoka kwanza

Huko yalikotoka, majarida ya magari yana umri mkubwa. Autocar la Uingereza lilianza mwaka 1895, wakati magari yenyewe nchini humo yalikuwa ya kuhesabika. Marekani, Robert Petersen alianzisha Hot Rod mwaka 1948 na Motor Trend mwaka uliofuata. Baada ya hapo kila aina ya mpenzi wa magari ilipata jarida lake: wa magari ya kale, wa magari ya milimani, wa malori madogo, wa injini zilizoongezwa nguvu.

Jarida la namna hiyo liliishi kwa fedha za sehemu tatu: bei ya nakala, matangazo ya kampuni za magari na vipuri, na zile kurasa za nyuma ambako watu waliuza magari yao wenyewe kwa wenyewe. Intaneti ilianza kwa kuchukua kurasa za nyuma. Kisha ikachukua matangazo makubwa. Bei ya nakala peke yake haikuweza kulipa karatasi, wino, wapiga picha na usafirishaji.

Desemba 2019 kampuni iliyokuwa ikichapisha Motor Trend na Hot Rod ilitangaza kufunga matoleo ya karatasi ya majarida 19 kati ya 22 iliyokuwa nayo. Kwa siku moja, majina ambayo watu walikua nayo yakabaki kwenye makabati ya wakusanyaji.

Mwaka uliofuata likaja pigo lililowahusu zaidi mafundi. Kampuni ya Haynes ya Uingereza, iliyotoa kitabu chake cha kwanza cha kutengeneza gari hatua kwa hatua mwaka 1966, ilisema haitachapisha tena vitabu vipya vya aina hiyo kwenye karatasi. John Haynes, mwanzilishi wake, alikuwa amefariki mwaka 2019. Siri ya vitabu vyake ilikuwa rahisi: gari lilifunguliwa kweli, likapigwa picha kila hatua, likafungwa tena. Fundi asiyejua Kiingereza kingi aliweza kufuata picha tu.

Kwetu huku hakukuwa na kingi cha kufungwa. Majarida yalikuwa yakifika kwa bahati, na bahati hiyo ilikauka taratibu. Nchini Kenya, gazeti la Daily Nation lilikuwa na kurasa za magari ambamo J.M. Baraza alijibu barua za wasomaji kuhusu gari gani linafaa kwa barabara gani na kwa mfuko gani. Mzazi wa Mafinga anayetaka jibu kama hilo kwa Kiswahili leo ataulizia kwenye kundi la WhatsApp, na atajibiwa na watu 15 wanaopingana.

Gari lililopasuliwa

Kuna ukurasa mmoja ambao haukubandikwa ukutani haraka, kwa sababu kila mtu alitaka kuusoma kwanza. Ni ule wa mchoro wa gari lililopasuliwa.

Mchoraji aliondoa bati la upande mmoja, ikaonekana mifupa. Mtoto aliweka kidole kwenye injini, akakifuatisha hadi kwenye klachi, gia boksi, shafti ndefu iliyo chini ya tumbo la gari, difu, kisha magurudumu ya nyuma. Akikwama aliuliza. Baba naye akikwama alikwenda na karatasi gereji kesho yake. Mchoro mmoja uliweza kukaa nyumbani mwaka mzima, na kila mara uliporudiwa ulikuwa na kitu kipya, kwa mfano kale kabomba kembamba kanakotoka kwenye pedali ya breki kwenda kwenye kila gurudumu.

Kabomba hako ndiko kanakoeleza Kitonga.

Gari linaposhuka mlima, uzito wake unataka kulikimbiza. Breki haziwezi kuifuta nguvu hiyo, zinaibadilisha tu kuwa joto. Dereva akikanyaga muda mrefu bila kupumzisha, joto linapanda kuliko linavyoweza kutoka. Ngozi za breki zinapoteza ukali wake. Kwenye breki za ngoma, chuma cha ngoma nacho kinatanuka na kwenda mbali na viatu vya breki, kwa hiyo pedali inaingia ndani zaidi na gari halishiki. Kwenye magari madogo yanayotumia mafuta ya breki, mafuta hayo yakichemka yanatoa mapovu, na povu halisukumi kitu.

Ndiyo maana dereva mzoefu wa lori huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini imshikilie, na kugusa breki kwa vipindi. Akisubiri hadi gari lishike kasi, gia ndogo inaweza isiingie tena.

Mtoto wa darasa la tano anaweza kuelewa yote hayo akiwa na mchoro mbele yake na mtu wa kumwelezea. Video ya sekunde 30 ya lori lililopinduka inamwonyesha mwisho tu.

Simu nayo ina haki yake

Si haki kuilaumu simu kwa kila kitu. Jarida la karatasi halikuwahi kumsikilizisha mtu sauti ya injini iliyokufa ringi pistoni. Halikuzungumza Kiswahili. Leo wapo mafundi Watanzania wanaorekodi kazi zao, wanafungua injini ya Toyota ya kawaida, wanataja kila kifaa kwa jina linalotumika gereji, na mtu wa kijijini Kilolo anawafuata bure akiwa na bando. Anayeagiza gari Japani anaona picha zake zote na bei ya kulifikisha bandarini Dar es Salaam kabla hajatoa senti. Kwa mzazi anayenunua gari la kwanza la familia, hilo ni bora mara nyingi kuliko jarida la miaka mitatu iliyopita.

Tatizo liko kwenye mpangilio. Jarida lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Ukimaliza unalifunga au unarudia. Simu haina ukurasa wa mwisho, na kinachofuata hakichaguliwi na mtu aliyekaa akafikiria mtoto anahitaji kujua nini baada ya hapo. Kinachofuata ni kile kitakachomzuia asiondoke, na kwenye magari hicho huwa ni kasi. YouTube, Instagram na TikTok zenyewe zinataka mwenye akaunti awe na angalau miaka 13, ila simu ya baba imekwisha jieleza kuwa ni ya mtu mzima.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika. Kitabu kilicholala mezani kilisomwa na yeyote, hata binti ambaye hakuna aliyefikiria kumnunulia gari la kuchezea. Simu inajifunza kwamba anayeishika hupenda magari, dada yake akiichukua anafunguliwa mambo mengine. VETA inapokea wasichana kwenye ufundi wa magari, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinawapokea kwenye uhandisi wa mitambo. Ila binti hafiki huko kama nyumbani hakuna aliyewahi kumwonyesha difu.

Zipo familia zinazojaribu kurudisha kitu mezani bila kungoja jarida lirudi. Njia ya bei ndogo ni stationery: baba na mtoto wanatafuta pamoja mchoro mmoja mzuri wa mfumo wa breki au wa gia boksi, wanauprinti, wanaubandika. Kinachofanya kazi hapo ni kuuacha mchoro huo huo ukutani kwa wiki kadhaa. Ukibadilishwa kila siku unakuwa simu ya karatasi.

Wengine wanaanzia kwenye hesabu. Mtoto anachagua gari analolipenda, mwaka lililotengenezwa, ukubwa wa injini, na bei yake Japani. Kisha wanafungua pamoja kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika waone kodi yake. Mtoto aliyekuwa anataka gari la milioni nyingi huwa kimya kidogo akiona jumla, halafu anaanza kuuliza kwa nini umri wa gari unaongeza kodi.

Gereji ya Jumamosi bado ipo, na fundi mzuri hamfukuzi mtoto anayeuliza, mradi mzazi yupo na mtoto hasogelei gari lililo juu ya jeki. Gari la familia likienda kubadilishwa breki pedi, zile za zamani huachwa sakafuni. Mzazi anaweza kuziomba. Akiiweka ya zamani na mpya kiganjani mwa mtoto, anaona unene uliopotea ulivyokuwa, na fundi atamwambia ulikwenda wapi.

Mkoani Iringa, rally inapofanyika, watoto hupanga mstari juu ya kingo za barabara za vumbi wakiyangoja magari. Wote huangalia moshi na mawe yanayoruka. Aliyefuatisha kidole kwenye kale kabomba huangalia taa nyekundu za nyuma, aone dereva amegusa breki wapi kabla ya kona.