Kozi ya Matayarisho Kabla ya Chuo cha Uuguzi



Siku hizi wazazi hawaji zahanati kwa sababu ya ugonjwa tu. Wengine huja na karatasi ya tangazo mkononi. Tangazo linasema kijana asome kozi ya afya kwa miezi mitatu au sita, halafu ataingia chuo cha uuguzi. Mzazi anauliza, "Daktari, niuze ng'ombe?" Mimi ni tabibu msaidizi, si daktari, lakini kijijini kila mwenye koti jeupe huitwa hivyo. Swali lenyewe ni zito, kwa maana ng'ombe akishauzwa harudi.

Kwanza tuutazame mlango wa chuo. Hapa Tanzania, anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi na ukunga lazima awe amefanya mtihani wa kidato cha nne. Anatakiwa awe na alama ya D au zaidi katika masomo manne yasiyo ya dini. Katika manne hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akiwa amefaulu pia Hisabati na Kiingereza, ni vizuri zaidi. Masomo ya chuo huchukua miaka mitatu. Akimaliza, hawezi kufanya kazi ya uuguzi mpaka asajiliwe na apewe leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hivyo ndivyo isemavyo sheria ya mwaka 2010.

Umeona? Cheti cha kozi fupi hakimo katika masharti hayo. Kama binti yako alipata F ya Kemia, kozi ya kutandika kitanda na kupima joto la mwili haitaigeuza F hiyo kuwa D. Atavaa sare, na majirani watamwita nesi, lakini chuo hakitampokea. Huyu dawa yake ni kurudia somo la Kemia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani hufanyika mwezi wa Novemba, lakini kujiandikisha hufanywa mapema sana, miezi mingi kabla. Usingoje mavuno ndipo uulize. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufundisha masomo ya sekondari kwa walio nje ya shule. Mwulize Afisa Elimu wa kata yako kituo cha karibu kiko wapi.

Sasa tumtazame kijana ambaye alama zake zimetimia. Matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka, na vyuo vingi hufunguliwa Septemba au Oktoba. Katikati hapo ana miezi mingi ya kukaa. Kwake kozi si lazima, ila yaweza kumfaa kama inafundisha yale yatakayomsumbua chuoni.

Ni yapi hayo? La kwanza ni lugha. Chuoni masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu ni vya Kiingereza. La pili ni hesabu, na hili watu wengi hawalifikirii. Chukua mfano huu. Mgonjwa ameandikiwa maji ya mshipani mililita 1000, yaishe kwa saa 8. Mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya 20,000 kwa 480, utapata matone kama 42 kwa dakika. Muuguzi hukaa na saa yake, akahesabu matone. Akikosea, maji yanaweza kwenda mbio mno, na mtoto mdogo au mgonjwa wa moyo aweza kuumia vibaya. Kozi inayomzoeza kijana hesabu za namna hii ina faida. Kozi ya kuvaa sare na kupiga picha, mimi nasema iache.

La tatu ni moyo wa kazi. Muuguzi hukesha usiku, huosha matapishi, huona damu na kifo. Hili halihitaji ada. Nenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati yenu na kwa serikali ya kijiji, uombe ruhusa kijana asaidie siku ya kliniki. Asipewe sindano wala dawa, maana hajafunzwa. Apange foleni ya akina mama, ashike daftari, asaidie kupima uzito wa watoto, afagie. Baada ya miezi miwili utajua kama anaipenda kazi au anapenda jina lake.

Ukiona kozi bado inafaa, usilipe kabla ya kuuliza. Kituo kimesajiliwa na nani? Vyuo vya uuguzi husajiliwa na NACTVET, nayo hutoa mwongozo wa udahili wenye majina ya vyuo na masharti yake. Mwambie mwalimu wa sekondari akufungulie mwongozo huo kwenye simu, msome pamoja. Kisha muulize mwenye kozi: chuo gani kinakitambua cheti chenu? Akitaja chuo, piga simu chuoni kwenyewe, kwa namba iliyo kwenye mwongozo, si ile aliyokupa yeye. Ada ilipwe kwenye akaunti ya kituo, si kwenye simu ya mtu binafsi, na stakabadhi uiweke pamoja na cheti cha kidato cha nne.