Picha Niliyoipiga Mlima Ukiungua



Ukiingia ofisi za parokia hapa Moshi, mara nyingi utakuta ukutani kalenda yenye picha ya Mlima Kilimanjaro: theluji kileleni, tembo chini, anga safi. Nyingi za picha hizo zimepigwa Amboseli, upande wa Kenya. Sisi tunaoishi miguuni pake tunajua mlima hushinda umejifunika mawingu, na siku ukijifunua asubuhi mtu huacha chai yake akatoka nje kuutazama.

Leo nataka nikusimulie picha yangu mwenyewe.

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, somo la kwanza lilitoka kwa nabii Isaya, sura ya 25, pale Bwana anapowaandalia mataifa yote karamu mlimani. Nilihubiri vizuri (nasema mwenyewe), nikauelekezea mkono mlima wetu. Siku hiyohiyo mlima ukawaka. Moto ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, upepo ukausukuma, na usiku ukaonekana mstari mwekundu gizani. Nilisimama uani kwa mapadre, nikaegemeza simu kwenye nguzo mkono usitikisike, nikapiga. Ilitoka picha nzuri mno. Nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp. Hata padre niliyesoma naye seminari, aliyeko Ulaya, akanijibu kwa sifa. Nikalala nimefurahi.

Asubuhi, baada ya Misa, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Mwanawe ni mpagazi, huwabebea wageni mizigo. Usiku ule alikuwa amepanda na wenzake kuzima moto. Walipanda mamia siku zile: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanavijiji wanaojua kwamba maji ya mifereji yao hutoka kwenye msitu ule.

"Baba, hakuna gari linalokwenda getini? Mwanangu ameondoka na shati tu, na huko juu usiku ni baridi."

Mkononi alikuwa na sweta na mfuko wa ndizi za kuchemsha. Gari la parokia lilikuwa limeegeshwa tangu jana yake, hatua kumi kutoka kwenye ile nguzo. Wazo hilo halikuwa limenijia kabisa.

Katika mfano wa Msamaria mwema, Luka hasemi kwamba kuhani hakumwona majeruhi. Alimwona, akapita. Miaka mingi nimewahubiria waamini juu ya upofu, kumbe yule kuhani macho yake yalikuwa mazima.

Sisemi kupiga picha ni dhambi. Oktoba 1984 Mkenya Mohamed Amin alipiga filamu ya watu wenye njaa kule Korem, Ethiopia, na dunia ikaamka kuchanga. Picha zake ziliwaombea wale watu chakula. Yangu iliniombea mimi sifa. Na wewe, msomaji, hebu fungua simu yako: ajali ya bodaboda, mafuriko, nyumba ya jirani inayoteketea. Ulipomaliza kupiga, ulifanya nini?

Tulipeleka lile sweta, pamoja na mikate na maji. Kijana alirudi Alhamisi, kope zimeungua, soli za viatu zimeyeyuka. Akaomba aione ile picha aliyoisikia. Akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akaupita ule mstari mwekundu, akagusa mahali peusi kabisa.

"Padre, sisi tulikuwa hapa."